Kumuuguza mzee aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo: hatua za kuyawahi matatizo

"Sista, mbona baba anaongea mambo yasiyoeleweka?" "Tumkande na maji ya moto?" "Mguu umevimba, tumchue?" "Leo siku ya nne hajapata choo, ni kawaida?" Kila familia inayomuuguza mzee aliyepasuliwa mgongo huja na maswali haya. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Nimeona swali lililoulizwa mapema likiokoa miguu ya mtu, nimeona pia lililoulizwa siku tatu baadaye. Ndiyo maana nayajibu hapa kwa mpangilio, kuanzia kitandani hospitalini mpaka wiki za mwanzo nyumbani.

Mwongozo huu ni wako ikiwa mzazi, babu au bibi yako mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea amefanyiwa upasuaji wa pingili za kiunoni. Wengi wa umri huo hupasuliwa kwa sababu njia ya mishipa ya fahamu imebanwa na uchakavu wa pingili. Alikuwa akitembea kidogo miguu inakufa ganzi, akikaa au akiinama anapata nafuu. Daktari huondoa sehemu ya mfupa inayobana, na wakati mwingine huunganisha pingili kwa skrubu na vyuma. Wengine hupasuliwa kwa sababu pingili imevunjika, au kwa TB ya uti wa mgongo. Kama wa kwako ni wa TB, dawa za TB zinaendelea baada ya upasuaji, na dozi yake ni ndefu kuliko ile ya TB ya mapafu. Upasuaji haukumaliza ugonjwa huo, kwa hiyo usikubali zikatishwe kwa sababu tu mgongo umeacha kuuma.

Kabla ya yote, shika hili: mzee haonyeshi ugonjwa kama kijana. Kijana akipata maambukizi joto hupanda, hutetemeka, hulalamika. Mzee anaweza kuwa na usaha ndani ya jeraha na kipimajoto kikasoma kawaida. Utakachokiona ni kwamba amekataa uji, amesinzia mchana kutwa, au amemwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Usisubiri homa. Tafuta tofauti kati ya leo na jana.

Andaa hivi mapema

- Daftari moja na kalamu, vikae karibu na kitanda. Kila anayekuja zamu aandike humo: kala nini, kakojoa, kapata choo, katembea, dawa gani saa ngapi, jeraha likoje, akili ikoje.
- Kipimajoto. Kama ana presha au kisukari, mashine ya presha na kipima sukari.
- Kitanda ambacho akikaa ukingoni nyayo zinagusa sakafu bila magoti kupanda juu. Godoro lililobonyea katikati libadilishwe.
- Kiti chenye mikono na mgongo ulionyooka. Sofa linalozamisha mtu halimfai.
- Choo cha kukaa. Kama nyumbani ni cha kuchuchumaa, mwambie fundi seremala atengeneze kiti imara chenye tundu na mikono miwili, ndoo iwekwe chini yake. Ni kazi ndogo na itamwepusha na anguko.
- Fremu ya kutembelea, ndala za kufunga nyuma (si za kuchomeka tu), na taa ndogo ya usiku kuelekea chooni. Mikeka na zulia vikunjwe.
- Miwani yake, meno yake ya bandia, kifaa chake cha kusikia. Vipelekwe wodini siku hiyohiyo.
- Dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, pamoja na za kienyeji. Daktari hawezi kuzuia mgongano wa dawa asizozijua.

Kabla hujatoka hospitalini, soma karatasi ya ruhusa ukiwa bado mbele ya daktari au muuguzi. Ionyeshe pingili zipi zimepasuliwa, kama kuna vyuma, kama utando wa uti wa mgongo ulichanika wakati wa upasuaji, nyuzi zinatolewa lini, dawa ya kuzuia damu kuganda inaanza au inaisha tarehe gani, na kliniki ni lini. Kisichoandikwa, omba kiandikwe. Omba pia namba ya simu ya wodi.

Hatua zenyewe

1. Andika mzee alivyokuwa kabla ya kupasuliwa. Alitembea umbali gani, mguu upi ulikuwa dhaifu, ganzi ilifika wapi, alizuia mkojo vizuri au la, alikumbuka siku na majina au la. Muuguzi wa zamu ya usiku hajawahi kumwona akiwa mzima. Bila maelezo yako atadhani udhaifu wa leo ndio wa siku zote.

2. Siku mbili za mwanzo, angalia miguu na mkojo. Damu inaweza kukusanyika ndani ya jeraha na kubana mishipa ya fahamu. Hutokea mara chache, lakini ikitokea inakimbizana na saa. Kila unapofika kitandani mwambie achezeshe vidole vya miguu, akunje kifundo kuelekea juu, kisha asukume kiganja chako kwa unyayo. Mguse miguu yote miwili umuulize kama anahisi sawasawa. Mguu uliokuwa na nguvu asubuhi ukishindwa kuinuka jioni, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ganzi ikienea makalioni na sehemu za siri, ita muuguzi saa hiyohiyo. Usiondoke mpaka daktari amefika.

Najua ni vigumu binti kumuuliza baba yake habari za sehemu za siri. Basi aulize mtoto wa kiume, au niambie mimi nimuulize. Tusiache kuuliza kwa sababu ya haya.

Kuhusu mpira wa mkojo, kila siku uliza kama unaweza kutolewa, maana kadiri unavyokaa ndivyo vijidudu vinavyopata njia. Ukishatolewa, hesabu saa. Zikipita sita hadi nane hajakojoa, au anatoa matone huku tumbo la chini limejaa na kuwa gumu, toa taarifa. Wanaume wenye tezi dume iliyovimba hupatwa zaidi na hili.

3. Ilinde akili yake. Hapa nakaa zaidi, kwa sababu ni tatizo la kawaida sana kwa wazee baada ya upasuaji na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Mzee aliyeingia akiwa na akili timamu, siku ya kwanza hadi ya tatu anaanza kuchanganyikiwa. Asubuhi anaongea vizuri, magharibi anasema kuna watu dirishani na anataka kung'oa dripu aende shambani. Familia inasema karogwa, au kapata wazimu. Hapana. Ubongo wake umeelemewa, na karibu kila mara kuna kitu nyuma yake: maumivu makali, mkojo uliobaki kibofuni, choo kigumu, maambukizi, chumvi ya damu iliyoshuka, sukari iliyopanda au kushuka, hewa kidogo, dawa kali, kukosa usingizi.

Wapo wa aina ya pili, nao hawapigi kelele. Mzee amelala tu, hajali chakula, ukimuuliza anajibu neno moja na kufumba macho. Ndugu hufurahi kwamba ametulia. Huyu ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, kwa kuwa anapita kwenye macho ya watu wote bila kuonekana. Ukiona hivyo mwambie daktari: "Jana hakuwa hivi." Maneno hayo matatu, kutoka kwa mtu anayemjua, yana uzito.

Wakati sababu inatafutwa, wewe fanya haya:

- Mvalishe miwani na kifaa cha kusikia. Mchana fungua pazia, usiku punguza taa na kelele.
- Mwambie kwa upole alipo, leo ni siku gani na kwa nini yuko hapo. Rudia bila kuchoka.
- Usibishane naye juu ya anachokiona. Mwambie uko naye, kisha mpeleke kwenye jambo analolijua: habari za nyumbani, mifugo, wajukuu.
- Omba ruhusa ndugu mmoja aliyemzoea alale naye au akae mpaka apate usingizi. Kundi la wageni kumi kwa zamu linamchanganya zaidi.
- Usimpe vidonge vya usingizi wala dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton. Kwa mzee zinazidisha kuchanganyikiwa.
- Asifungwe kamba kitandani.
- Kama alikuwa anakunywa pombe kila siku, sema ukweli mapema. Kuikatiza ghafla kunaleta hali hatari inayofanana na hii, na ina matibabu yake.

Dua na maombi kando ya kitanda hayana shida yoyote. Shida ni kumtorosha mgonjwa kumpeleka kwa mtaalamu wa kienyeji huku nimonia inaendelea kifuani.

4. Mgeuze na umwamshe kwa utaratibu. Wapasuaji wengi huruhusu mgonjwa akae na kusimama siku ya kwanza au ya pili. Kama utando wa uti ulichanika, anaweza kuamriwa alale chali kwanza, na amri hiyo ifuatwe. Akisharuhusiwa:

Akunje magoti. Ageuke ubavu mzimamzima kama gogo, mabega na nyonga vikienda pamoja, bila kujipinda kiunoni. Miguu ishuke ukingoni huku anajisukuma kwa mkono kuinua kiwiliwili. Akae hapo dakika mbili tatu. Usiruke dakika hizo: wazee wengi presha hushuka wakisimama ghafla, na hapo ndipo wanapoanguka. Akisema kizunguzungu, mrudishe alale. Kisha asimame kwa kusukuma kitanda, si kwa kuning'inia shingoni mwako. Na wewe usimvute kwa makwapa.

Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu mara kumi na akohoe huku amejikumbatia mto. Hii inakinga nimonia. Achezeshe vifundo vya miguu juu na chini vivyo hivyo.

5. Tibu maumivu, lakini chagua dawa kwa makini. Mzee anayeumia hatembei, havuti pumzi vizuri, halali. Kwa hiyo usimnyime dawa kwa kuogopa "atazoea". Paracetamol iliyoandikwa kwa saa itolewe kwa saa, usingoje alie. Angalia tu isiingie mara mbili: dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake.

Tramadol na jamaa zake (dawa kali za maumivu) huleta kichefuchefu, usingizi, choo kigumu na kuchanganyikiwa. Zikichanganywa na dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu kama pregabalin, gabapentin au amitriptyline, usingizi unaongezeka na kupumua kunaweza kupungua. Mzee akiwa mgumu kuamka, usimpe dozi inayofuata, mpeleke hospitali.

Kosa ninaloliona sana: mtoto anakwenda duka la dawa, anasema mgongo unauma, anarudi na diclofenac au ibuprofen. Kwa mzee mwenye presha, anayekunywa maji kidogo, dawa hizo zinaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo. Zitumike tu kama daktari anayemjua ameziandika.

6. Choo kianze kushughulikiwa siku ya kwanza. Usingoje aanze kuteseka. Maji ya kutosha (kama hajazuiwa kwa sababu ya moyo au figo), papai, mboga za majani, kutembea kidogo, na dawa ya kulainisha choo ikiwa anatumia tramadol au mofini. Siku ya tatu bila choo, piga simu. Tumbo likivimba, akatapika na hewa haitoki, hiyo si ya kusubiri.

7. Kagua jeraha kila siku penye mwanga. Piga picha kwa simu kila siku, umbali uleule, ili ulinganishe. Libaki kavu. Usipake asali, mafuta, majivu, wala usipasue kapsuli ya antibayotiki ukanyunyiza unga wake. Usikande na maji ya moto juu ya jeraha wala pembeni yake. Maambukizi mengi hujitokeza kati ya wiki ya kwanza na ya nne, yaani mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani kwako na si kwetu wodini. Angalia wekundu unaotanuka, uvimbe, joto, harufu, usaha, kingo zinazoachana. Kwa ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi vizuri, kwa hiyo gusa pembeni kwa mgongo wa mkono safi usikie kama kuna joto au ugumu mpya. Mwenye kisukari apime sukari kama alivyoelekezwa. Sukari ikiwa juu jeraha linachelewa kufunga.

Kuna dalili moja watu huidharau: maji meupe kama ya bomba yanayolowesha bandeji. Pamoja nayo, kichwa kinamuuma akikaa na kinapoa akilala. Huenda ni majimaji ya uti wa mgongo yanavuja. Mlaze, funika kwa bandeji safi, piga simu wodini, umpeleke siku hiyohiyo.

8. Mguu ukivimba, mikono mbali. Mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, kigimbi (nyama ya nyuma ya mguu) kuuma na kuwa na joto, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Kuchua kunaweza kuling'oa bonge hilo likaenda kwenye mapafu. Asichuliwe, asikandwe, asipakwe dawa ya kuchua. Apelekwe akapimwe. Sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda vitumike kwa tarehe zilizoandikwa, wala usianze mwenyewe, kwa kuwa vinaweza pia kuleta damu ndani ya jeraha.

9. Ngozi na chakula. Anayeshindwa kujigeuza ageuzwe kila saa mbili. Tazama visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio. Shuka liwe kavu na lisilo na mikunjo. Mpe mayai, maharage, dagaa, maziwa, kidogo kidogo mara nyingi. Bila protini jeraha halifungi. Kama anavuta sigara au tumbaku, aache, hasa aliyeunganishwa pingili, maana tumbaku huzuia mfupa kushikana.

10. Kurudi kwenye shughuli. Matembezi mafupi mara nyingi kwa siku yanamfaa kuliko moja refu. Asiiname, asijipinde, asichuchumae, asibebe ndoo, asifagie kwa ufagio mfupi mpaka daktari aruhusu. Mzee Mwislamu aswali akiwa kwenye kiti, rukuu na sijida kwa ishara. Wazee wengi hujilazimisha kusujudu chini kwa kuona wana deni, basi mwombe imamu wake amweleze kwamba ruhusa ipo. Mkristo asipige magoti. Bodaboda hapana. Akisafirishwa kwa basi kurudi mkoani, akae kiti cha mbele mbali na mitikisiko ya nyuma, na gari likisimama ashuke atembee kidogo.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane:* mguu kulegea ghafla, ganzi ya makalio na sehemu za siri, mkojo kuziba au haja kujitokea, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla, mdomo kwenda upande au upande mmoja wa mwili kupooza, haamki vizuri, anakunya au kutapika damu.

*Siku hiyohiyo:* jeraha kutoa usaha au maji, homa ya nyuzi 38 na zaidi, mguu mmoja kuvimba, kuchanganyikiwa kupya, kukataa chakula na maji, kuanguka, hata akisema hajaumia.

*Maumivu ya mguu yamerudi wiki ya pili.* Mshipa uliobanwa miaka mingi huweza kuwaka tena kabla haujatulia, na ganzi inaweza kuchukua miezi kupungua. Kama nguvu za mguu ziko vilevile, piga simu usubiri maelekezo. Kama nguvu zimepungua, nenda.

*Alikuwa anaendelea vizuri, ghafla mgongo una maumivu mapya makali.* Wazee wengi, hasa akina mama, mifupa yao imepungua uimara. Skrubu inaweza kulegea, au pingili ya jirani ikavunjika bila hata kuanguka. Apigwe eksirei, na umuulize daktari kuhusu matibabu ya mifupa yenyewe. Mara nyingi hilo husahaulika.

*Anakataa kutembea.* Usimwite mvivu. Uliza mara moja kama anaogopa kuanguka, anaumia, au ana kizunguzungu. Kila jibu lina dawa yake. Nusu saa baada ya dawa ya maumivu ndio wakati mzuri wa kujaribu.

*Alipasuliwa mbali.* Tuseme ni MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), Dar es Salaam, na sasa mko Mwanza au kijijini kabisa. Usianze safari ya kumrudisha huko na dalili za hatari. Nenda hospitali ya karibu, toa karatasi ya ruhusa na lile daftari, mwombe daktari wa hapo azungumze kwa simu na wodi iliyompasua. Akishapewa huduma ya kwanza, wao wawili ndio wataamua kama anahamishwa, na kwa usafiri gani.